Mawifi wa Kona ya Tatu

Mwanamke aliyeitwa Filimbi alikuwa mshonaji wa viti vya magari, na magari hakuyapenda. Alipenda viti. Gari, kwa maoni yake, lilikuwa njia tu ya kukizungusha kiti mjini mpaka kichanike, kisha kirudi kwake. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele katika nyumba aliyoiacha marehemu mumewe. Kilinuka gundi na ngozi bandia, marobota ya vitambaa yalisimama pembeni kama wageni waliokosa pa kukaa, na cherehani yake ya chuma ililia kwa nguvu hata majirani wa nyumba ya tatu wakajua leo amepata kazi.

Mume huyo alikuwa fundi wa breki. Watu waliposikia kwamba mjane wake hushinda kwenye uwanja wa mbio za magari kila Jumamosi, walidhani mume alifia huko na mke huenda kumkumbuka. Wapi. Mume alifia kitandani kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa mtu mpole, aliyeendesha gari taratibu kiasi kwamba wapanda baiskeli wakimpita walimpa pole.

Uwanjani mama huyu alifika kwa ajili ya kazi. Dereva mmoja wa mbio alimwita siku ya mazoezi aje apime kiti kilichokuwa kikimchoma mgongo. Akiwa bado ameinama na futi kamba yake, mtu wa bendera wa kona ya tatu alishikwa na tumbo akaondoka mbio. Watu wa bendera ni wale wanaosimama kando ya njia wamevaa ovaroli za rangi ya chungwa. Gari likiharibika au likigonga, huwapungia bendera ya njano madereva wanaokuja nyuma wapunguze mwendo, kisha huruka ukingo wa chuma, huzima moto, humwaga unga wa mbao kwenye oili, huokota vipande na kurudi. Hawalipwi. Hupewa chai, mkate na kofia ya kitambaa. Basi msimamizi mmoja akatazama kulia na kushoto, akamwona yule mama wa futi kamba.

"Mama, hebu nishikie hii bendera kidogo."

Akaishika. Hiyo kidogo, wakati wa habari hii, ilikuwa imeingia mwaka wa kumi na kitu.

Jina la Filimbi lilitokana na kifaa chenyewe. Aliona bendera haimtoshi, kwa sababu bendera ni ya madereva. Wenzake waliokuwa njiani wameinama hawakuitazama. Akanunua filimbi ya chuma kama ya mwamuzi wa mpira. Mlio mmoja ulikuwa na maana ya kaa tayari. Milio ya mfululizo ilikuwa na maana ya acha ulichoshika, kimbia. Injini hunguruma kwa sauti ya chini, filimbi hulia kwa sauti ya juu, na huko juu kulikuwa na nafasi. Na yeye mwenyewe alikuwa na masikio. Tairi linapoanza kuteleza hulia kabla gari halijaonekana limepotea, na Filimbi alikuwa akilisikia likiwa bado nyuma ya kilima. Kwa hiyo wakampa ukuu wa kona ya tatu, mahali ambapo njia iliyonyooka inaisha ghafla na madereva wanakumbuka kwamba wana watoto.

Mdogo wake wa kiume alikuwa kinyozi, na watu walimwita hivyohivyo, Kinyozi. Alikaa na mkewe nyumba ya pili, ukuta mmoja na dada yake. Mkewe alifanya kazi hospitalini, kwenye dirisha la mapokezi la chumba cha dharura. Kwa hiyo uwanjani walimwita Mapokezi. Ndiyo, naye alikuwa uwanjani. Hilo lilikuwa wazo la Kinyozi. Alikuwa amechoka kusikia kupitia ukutani dada akimlalamikia wifi na kusikia kitandani wifi akimlalamikia dada, akasema siku moja, "Tatizo lenu hamkai pamoja. Nenda naye huko kwenye magari, mtazoeana." Walizoeana kweli. Kuanzia siku hiyo walibishana kama watu wanaofahamiana vizuri.

Mapokezi alikuwa mwepesi wa miguu, mwenye sauti, na asiyeweza kuona kitu kimelala chini akakiacha. Kona ya tatu ilimfaa. Filimbi alikaa na bendera na filimbi, Mapokezi akawa mtu wa kuruka ukingo na kuokota. Hata waliokuwa hawawapendi walikiri kwamba wale mawifi, kazini, ni kama mkono wa kushoto na wa kulia.

Kisha Mapokezi akaja na helmeti.

Ilianzia kazini kwake. Kwenye dirisha lile yeye ndiye wa kwanza kukiona kila kichwa kilichopasuka mjini. Huuliza jina, umri, na nani amekuleta. Siku hiyo alikuja kijana kwa miguu yake mwenyewe, akitabasamu, akasema amepigwa na kijiwe kilichorushwa na tairi la lori. Kidogo tu, alisema, akaonyesha kwa vidole, kama punje ya hindi. Alisema asingekuja, ila mama yake amesisitiza. Akataja jina. Akataja umri. Alipoulizwa nani amekuleta, akaegemeza kichwa kwenye kaunta kama mtu anayefikiri jibu, na hakukiinua tena.

Mapokezi alirudi nyumbani, hakula, hakugombana na mtu. Jumamosi iliyofuata alisimama kona ya tatu amevaa helmeti ya pikipiki ya mumewe, ile ya kufunika kichwa chote na kidevu, yenye kioo cheusi mbele.

Filimbi alimzunguka mara moja.

"Wifi, pikipiki umeiacha wapi?"

"Kichwa hakina spea, wifi yangu." Sauti ilitoka ndani kama ya mtu aliye kwenye tangi la maji.

"Na masikio je?"

"Masikio yapo humuhumu."

"Ndiyo, nayaona. Umeyafungia."

Mambo yangeishia hapo kama uwanja ungekuwa na watu wachache. Lakini kulikuwa na kona nyingi, na kila kona ina watu na muda mrefu wa kungoja. Kufikia jioni kila mtu wa bendera alikuwa na msimamo juu ya helmeti, hata wale ambao asubuhi hawakujua kwamba ni jambo la kuwa na msimamo. Ikabidi mwenyekiti wa chama cha mbio aitishe mkutano. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno mstaafu. Alipenda mikutano, kwa kuwa katika kazi yake ya zamani watu walikaa mbele yake midomo wazi bila kuweza kusema, na sasa alitaka kusikia.

Walikutana kwenye ghala la matairi, wakakalia matairi. Mapokezi alisema habari ya kijana wa dirishani, yote, bila kuongeza chumvi. Akamalizia, "Madereva wako ndani ya chuma, wana mikanda, wana helmeti. Sisi tuko nje, tuna kofia za kitambaa za kukinga jua. Nani kati yetu amepigwa na jua?"

Filimbi naye akasimama. Alisema habari ya kijana imemuumiza, lakini lori halikuwa uwanjani. "Hapa kinachotuua si kijiwe. Ni gari. Gari likikukuta, halikuulizi umevaa nini. Dawa ya gari ni kutokuwepo pale linapofika, na utajuaje linafika kama husikii wala huoni pembeni? Halafu mtu akivaa helmeti anajiona mzima. Anasogea. Leo hatua moja, kesho mbili. Mimi woga wangu ndio helmeti yangu, na haijawahi kunibana."

Wakampigia makofi. Hata Mapokezi alipiga, mara mbili, kwa adabu.

Mwenyekiti akasema amesikia pande zote na zote zina meno. Akaamua kwamba kila mtu na kichwa chake: anayetaka avae, asiyetaka asivae. Watu walitoka wameridhika, maana hakuna aliyelazimika kubadili chochote. Filimbi alitoka akihesabika mshindi. Kinyozi aliulizwa na wateja wake yeye yuko upande gani, mke au dada, akasema yeye hunyoa vichwa, haamui vivae nini.

Baada ya hapo mawifi waliendelea kwenda uwanjani pamoja, mmoja na kofia ya kitambaa, mwingine na kichwa cheusi kinachong'aa.

Siku ya ajali haikuwa na dalili ya lolote. Zilikuwa mbio za magari madogo yaliyozeeka, yaliyotolewa viti vya nyuma ili yawe mepesi, jambo ambalo Filimbi hakuwahi kulisamehe. Gari jeupe liliingia kona ya tatu kwa pupa, likajikwangua kwenye ukuta wa matairi, likajinasua na kuendelea na safari bila bampa. Bampa likabaki limelala njiani kama ulimi. Filimbi akapunga njano, akasikiliza, akasema, "Nenda," na kwa kuwa alikuwa amejifunza, akamgusa wifi yake begani ili ajue ameambiwa. Mapokezi akaruka ukingo, akalikokota bampa mpaka kando. Angerudi hapo, habari ingekuwa imeisha. Lakini kioo cha taa kilikuwa kimebaki njiani. Akakirudia, akainama.

Ndipo Filimbi akasikia. Chini ya ngurumo zote ulikuwapo mlio mwembamba wa tairi, nyuma ya kilima, wa gari ambalo halikuwa limeonekana bado.

Akapuliza mfululizo. Watu wa kona ya pili walisikia. Muuza soda aliyekuwa nyuma ya jukwaa alisikia, akageuka na chupa mkononi. Mapokezi hakusikia. Alikuwa akihangaika na kipande cha kioo kilichokataa kushikika kwa glavu.

Filimbi akapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Huo ndio muda alioukumbuka baadaye kuliko mwingine wote. Alikuwa na mapafu na alikuwa na miguu, akatumia mapafu.

Gari jekundu likatokea kwa ubavu. Halikumgusa Mapokezi. Lilipiga ukuta wa matairi karibu naye, na tairi moja kuukuu likachomoka katika ukuta ule, likaruka, likamkuta kichwani na begani, likambwaga ng'ambo ya ukingo miguuni pa wifi yake. Injini ya gari jekundu ikakohoa, ikazimika. Dereva wake alitoka, akajikagua, akakaa chini.

Filimbi akapiga magoti. Alijua haruhusiwi kumvua mtu helmeti baada ya pigo la kichwa, kwa hiyo aliinua kile kioo cheusi tu, polepole, kama mtu anayefunua sufuria asiyojua kilichomo. Macho ya Mapokezi yalikuwa wazi. Yalimtazama, yakamtambua, na yakakasirika.

"Wifi," alisema, "mbona ulinyamaza?"

Ile filimbi ya chuma ilikuwa bado mdomoni mwa Filimbi.

Gari la wagonjwa likampeleka Mapokezi kwenye dirisha lake mwenyewe. Aliyekuwa zamu alikuwa mwenzake wa miaka mingi, mtu wa kufuata taratibu.

"Jina?"

"Si unanijua?"

"Nakujua. Jina?"

Akataja. Umri akapunguza kidogo, mwenzake akausahihisha bila kuinua macho. Alipoulizwa nani amekuleta, Mapokezi alinyamaza kwa kitambo, na Filimbi, aliyekuwa amesimama nyuma ya machela, akaishika kaunta kwa mikono miwili.

"Wifi yangu," Mapokezi akasema, kisha akamwambia Filimbi, "Kichwa changu kiko juu, usinitazame hivyo. Nilikuwa nafikiri niandikishe mume au wifi."

Daktari alisema mfupa wa mtulinga umevunjika, ubongo umetikisika lakini haujahama. Akaiinua ile helmeti. Upande mmoja ilikuwa na ufa ambao mtu angeweza kuingiza vidole. "Hiki," alisema, "kingekuwa kichwa." Filimbi akamwambia kwamba wifi yake asingevaa helmeti angesikia filimbi, na angesikia filimbi asingekuwapo pale tairi lilipopita. Daktari akajibu kwa upole kwamba hajui habari za filimbi, yeye hutibu wanaofika.

Kinyozi alifika na nywele za mteja kifuani na kitana mkononi. Mteja mwenyewe alibaki kwenye kiti amenyolewa upande mmoja, akangoja, akachoka, akavaa kofia akaenda zake. Kinyozi alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akauliza kama kuna anayetaka chai. Hakuna aliyetaka. Akaenda kununua, akarudi nayo, akainywa mwenyewe.

Nje, kwenye veranda, watu wa bendera walikuwa wameshaanza. Wa helmeti walisema, mmeona? Wa masikio walisema, mmeona? Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kijana mmoja wa kona ya tano, akitaka kuwachekesha wa upande wake, alisema, "Asiyesikia filimbi huvunjika bega." Filimbi alikuwa akitoka mlangoni wakati huohuo. Alimtazama tu. Yule kijana akakumbuka kwamba hajafunga baiskeli yake.

Mapokezi aliporuhusiwa, alilala nyumbani na mkono umefungwa kifuani. Filimbi alimfulia, alimpikia, alimchana nywele, na hawakubishana, hali iliyomtia Kinyozi wasiwasi mkubwa. Cherehani ilisikika mara chache. Dereva wa teksi aliyechukua viti vyake alivirudisha siku ileile, akasema kwa heshima, "Mama, samahani, hii mishono inakwenda zigizaga." Filimbi akavitazama. Ilikuwa zigizaga.

Asubuhi moja alimwita mdogo wake katika chumba chake cha kazi, kabla hajaenda kufungua kibanda chake cha kunyolea. Ile helmeti iliyopasuka ilikuwa juu ya meza, katikati ya mikasi na chaki.

"Chukua filimbi," alisema. "Simama pale mlangoni. Nikivaa hii, nikikupa mgongo, piga."

"Dada, watu watatuonaje?"

"Watatuona tunafanya kazi. Simama."

Akaivaa, akakaa kwenye kigoda akiutazama ukuta. Akangoja. Alisikia pumzi yake mwenyewe, nzito, ya moto, na mvumo kama wa ganda la kombe sikioni.

"Haya, piga basi!" akaita.

Akageuka kidogo. Kinyozi alikuwa mlangoni, mashavu mekundu.

"Nimeshapiga!" alipaza sauti, akisogea karibu. "Mara tatu. Mwenye duka la jirani ametoka kuuliza kuna nini."

Filimbi akaugeukia ukuta tena. Hakuvua. Alipeleka mkono kichwani, akautafuta ule ufa kwa vidole, akavipitisha taratibu mpaka vikagusa nywele zake upande wa ndani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kinyozi hakujua kama aondoke au akae, akakaa. Halafu akaona mabega ya dada yake yanatikisika, na kwa kuwa uso ulikuwa ndani ya helmeti, hakuweza kujua kama analia au anacheka. Akasubiri mpaka yakatulia.

"Ukweli ni kwamba," alisema Kinyozi, ambaye katika ugomvi huu wote alikuwa hajatoa maoni, "nyie wawili mmoja ana masikio na mwingine ana fuvu. Mkiwekwa pamoja mnatosha mtu mmoja mzima. Sasa mimi naenda, nina mteja wa nusu kichwa aliyesema atarudi leo."

Mkutano wa pili ulijaa. Matairi hayakutosha, wengine wakasimama. Wa helmeti walikuwa wamemwandalia Mapokezi nafasi ya mbele, na mkono wake uliofungwa waliuona kama hoja tosha. Wa masikio walimsukuma Filimbi aanze yeye, maana ndiye aliyepuliza. Mwenyekiti akampa Mapokezi nafasi kwanza, kwa kuwa ndiye mgonjwa.

Mapokezi akasimama. "Sikusikia," alisema. "Wifi yangu alipuliza mpaka muuza soda akasikia, mimi sikusikia. Nilidhani amenyamaza. Ningesikia, ningekimbia. Helmeti ile ilinifunga masikio, na huo ndio ukweli."

Wa helmeti wakatazamana. Filimbi akasimama kabla hajaitwa.

"Mimi nimeivaa ile helmeti," alisema. "Nimeingiza vidole kwenye ufa. Vimefika kichwani. Wifi yangu yuko hapa anaongea kwa sababu aliivaa, la sivyo mimi ningekuwa nimemsindikiza mahali pengine. Woga wangu niliousifia hapa haukumfaa kitu, kwa sababu woga ni wangu na kichwa ni chake."

Wa masikio wakatazamana nao.

"Sasa subirini," alisema Mwenyekiti, aliyekuwa akigeuza shingo huku na huku. "Mama Filimbi, wewe si ndiye wa masikio?"

"Ndimi."

"Na sasa unataka helmeti."

"Yeye ndiye anayetaka masikio," Filimbi akasema, akimwonyesha wifi yake kwa kidevu. "Muulize yeye."

Walikaa mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubaliana kwamba anayeruka ukingo lazima avae helmeti, lakini iwe ya kuacha masikio nje. Na kwamba hakuna atakayeruka peke yake. Wa pili atasimama nyuma yake akitazama magari, mkono mmoja ameshika mkanda wa mwenzake, na asitegemee mdomo wala filimbi pale ambapo mkono unafika. Hilo la mkanda lilitoka kwa Filimbi. Alilisema akiwa amekaa, kwa sauti ndogo, na mtu wa nyuma akaomba lirudiwe.

Helmeti zenyewe zilitoka kwa dereva mmoja wa mbio aliyekuwa mjenzi wa majumba. Alileta gunia zima la kofia ngumu za wajenzi, za njano, zisizo na kamba. Siku ya kwanza magari yalipopita kwa kasi, upepo wake uliivua moja kona ya kwanza, ikabingirika mpaka katikati ya njia, na watu wakalazimika kupunga bendera ya njano kwa ajili ya kofia ya njano. Mbio zikasimama. Mwenyekiti alieleza kwa kipaza sauti kwamba hii ni hatua ya majaribio. Filimbi akalichukua lile gunia nyumbani, akashona kamba za kidevuni kwa mabaki ya mikanda ya viti, na safari hii mshono ulikwenda sawa. Alilalamika kwamba kofia zina joto, kwamba zinafanya watu wafanane na uyoga, kwamba shingo inauma. Yake aliifunga barabara.

Mapokezi alirudi kona ya tatu mfupa ulipounga. Alikuwa na hofu, akaificha kwa kuongea sana. Filimbi aliijua ile hofu, akaificha kwa kumjibu kila neno. Mbio za kwanza zikapita salama. Katika za pili, gari moja likadondosha bomba la moshi kwenye kona, na bendera akaachiwa mwenzao wa tatu, fundi bomba mzee asiyeongea.

"Twende," alisema Filimbi.

Wakaruka ukingo pamoja, Filimbi kwa shida kidogo kwa sababu ya magoti. Mapokezi akainama kwenye bomba, Filimbi akasimama nyuma yake akitazama kilima, vidole vimejikunja ndani ya mkanda wa wifi yake.

"Wifi, unanivuta."

"Nakuvuta ndiyo."

"Bomba ni la moto, nipe nafasi nilisukume kwa mguu."

"Sukuma."

Ndipo tairi likalia nyuma ya kilima. Filimbi hakungoja kuona. Alivuta ule mkanda kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kukaza ngozi kwenye fremu ya kiti, wakarudi nyuma wote wawili, Mapokezi akajikwaa akakaa kwa makalio kwenye kokoto mbele ya jukwaa zima. Watu wa jukwaani waliona vizuri. Wengine walishangilia.

Gari lililolia likatokea, likayumba mara moja, dereva akalirudisha kwenye mstari, likapita zake. Lilikuwa mbali. Hata vumbi halikuwafikia.

Mapokezi aliinuka akajipangusa, akalisukuma bomba kando kwa mguu, wakarudi ng'ambo ya ukingo.

"Umenikalisha chini kama mzigo," alisema. "Mbele za watu. Na wafanyakazi wenzangu wa hospitali wapo pale juu, nimewaalika mwenyewe. Gari lenyewe lilikuwa kule, wifi. Kule! Umekosea."

"Nimekosea," Filimbi akakubali. Alikuwa bado hajauachia mkanda. "Na Jumamosi ijayo nitakosea tena."

Mapokezi akachukua ufagio, maana kulikuwa na kokoto zilizotapakaa njiani, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kitu chini.

"Basi ukikosea," alisema, "unikalishe upande usio na mawe."